Barabara Isiyo na Kando

Tupokigwe alikuwa na woga wa aina moja tu, nao alifundishwa, hakuzaliwa nao. Nyoka hakumtisha, radi za Rungwe alizizoea, na mgambo wa ushuru alibishana naye mpaka mgambo akasahau alichokuja kudai. Lakini akimwona baba mkwe wake, hata kwa mbali, hata mgongo tu, miguu yake ilikuwa inaamua yenyewe. Ataingia migombani, atajibanza nyuma ya nyumba ya mtu, atageuka arudi alikotoka. Ndivyo mama yake alivyomfunza kabla hajaolewa, na ndivyo bibi yake alivyofunzwa: mkamwana hamtazami baba mkwe, hapiti naye njia moja, haketi naye chumba kimoja, na jina lake halitaji. Jina lenyewe lilikuwa Ambilikile. Tunalitaja sisi, yeye, katika miaka kumi na tisa ya ndoa, hakuwahi kulitamka.

Wakristo wengi wa siku hizo walikwisha kulegeza. Wapo wakamwana waliopeana mikono na wakwe zao mlangoni mwa kanisa, na dunia haikupasuka. Lakini kwa mzee Ambilikile, kule Lupepo, hapakulegezwa kitu. Alikuwa mzee wa kanisa, na bado alisema Mungu hajamtuma mtu kukosa haya. Na tuseme kweli, Tupokigwe mwenyewe hakuuchukia mwiko huo. Asiyeujua hudhani ni chuki, kumbe ni heshima inayobebwa na watu wawili, kila mmoja na upande wake. Mzee akijua mkamwana yuko njiani, alikohoa kabla ya kufika kwenye kona, kikohozi kikavu, mara mbili, ili mwenzake apate kupisha. Njia za Lupepo zina kando. Kuna migomba, kuna chai, kuna ua wa jirani, na mtu mwenye adabu hakosi pa kujificha.

Stendi ya Tukuyu haikuwa na kando.

Zamani, siku za basi moja, stendi ilikuwa uwanja wa watu kusubiri na kukata tamaa. Basi la Mbeya likikuacha, umeachwa mpaka kesho, na likiwa limeharibika, utajua wewe na Mungu wako. Kisha ikaja ruksa. Mwenye kitu akauza, mwenye gari akabeba watu. Kufika mwaka wa tisini na sita, vipanya, yaani vile vibasi vidogo vya kutoka Mbeya, vilikuwa vimejaa barabara nzima ya katikati ya mji, vinasubiri kujaa, vingine vimeweka pua mbele na vingine mkia. Wauza mitumba walitandaza nguo mpaka kwenye ukingo wa lami. Akina mama wa ndizi walitandika mbele ya wauza mitumba. Hapo hapo yalipita malori ya chai, na matenki ya mafuta yaliyokuwa yakienda Malawi, yote katika barabara moja iliyopimwa na watu ambao nadhani hawakuwahi kuota zaidi ya magari matatu.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, ukungu ulikuwa bado haujapanda. Tupokigwe alikuwa amesimama mahali pake, kati ya rundo la viatu vya mitumba na ndizi za rafiki yake Prisca, ameshika beseni la maparachichi, hajalitua. Akainua macho. Hatua tatu mbele yake, kutoka kwenye ukungu na msongamano wa watu, akatokea baba mkwe, kofia kichwani, fimbo mkononi, anakuja mbio mbio moja kwa moja.

Kushoto kulikuwa na viatu. Kulia kulikuwa na Prisca na mikungu yake. Nyuma kulikuwa na barabara. Tupokigwe hakutazama. Aliruka kinyumenyume, uso ameufunika kwa khanga.

Alichosikia kwanza ni breki. Kisha mlio wa bati, kisha watu kupiga mayowe. Kipanya cha kijana mmoja aliyeitwa Hasheem kilikuwa kimemkwepa kwa upana wa kiganja na kutumbukia mtaroni kwa ubavu. Mwalimu mmoja wa kike aliyekuwa abiria alivunjika mkono. Lori la chai lililokuwa nyuma likasimama ghafla na kuziba njia, na foleni ikaanzia pale ikashuka mpaka kituo cha mafuta na kukipita, isitikisike mpaka saa sita mchana. Watu walisema Tukuyu sasa imekuwa Dar es Salaam, wengine kwa majivuno.

Trafiki alipofika alimuuliza Tupokigwe ilikuwaje. Akatazama huku na huku. Baba mkwe hakuwapo tena.

“Sijui,” akasema. “Nilishtuka.”

Basi, neno hilo likatosha. Waliobaki wakajaza wenyewe: madereva wa siku hizi wanakimbizana kugombea abiria, yule kijana alikuwa kasi, mama wa watu nusura afe. Trafiki akachukua leseni ya Hasheem. Tupokigwe aliona inavyoingia mfukoni mwa shati lile jeupe, na hakufungua mdomo.

Wiki ile hakula vizuri. Ofisi ya mji ilibandika tangazo kwamba Alhamisi ya pili kutakuwa na mkutano wa wananchi ukumbini, kuzungumzia msongamano wa magari na kuhamishia stendi nje ya mji, ng'ambo ya Ibighi. Chini kabisa, kwa kalamu, mtu alikuwa ameongeza: na suala la dereva Hasheem. Habari zilizoenea ni kwamba atafungiwa asikanyage tena stendi ya Tukuyu, awe mfano kwa wenzake. Kila aliyepita kwenye beseni lake alimpa pole. Zile pole zilimchoma kuliko matusi, kwa sababu matusi angalau angeyajibu.

Siku ya Jumanne alikuja Bimdogo, mama yake Hasheem. Alikuwa fundi cherehani pale Ibighi, mtu wa makamo, mnyamavu. Babu yake ndiye aliyetoka Kilwa na robota za nguo akaja kukaa huku; yeye mwenyewe na mwanawe walizaliwa Tukuyu, na Kinyakyusa chao kilikuwa safi kuliko cha vijana wetu wengi.

“Shikamoo, mama,” Tupokigwe alisema, akalitua beseni.

“Marahaba, mwanangu. Umepona lakini?”

“Nimepona.”

Bimdogo alichagua chane la ndizi kwenye mikungu ya Prisca, akalirudisha, akachukua jingine. Kisha akasema kwa sauti ya chini, “Sikuja kukugombeza. Nimekuja kukuuliza tu, maana mwanangu hasemi. Nilimuuliza, ulikuwa unakimbia? Akasema hapana. Nikamuuliza, sasa yule mama aliingiaje barabarani? Akaniambia, mama, mimi nililiona lililomtoa, lakini si langu kulisema.”

Kumbe Hasheem alimwona mzee. Alikulia hapa hapa. Alijua mkamwana akiruka namna ile anamkimbia nani. Na kwa kujua, akafunga mdomo, akaacha leseni ichukuliwe.

“Na mimi silazimishi,” Bimdogo alisema. “Ila gari lile ndilo jiko letu.” Akachukua ndizi zake akaondoka. Hakugeuka nyuma.

Jioni ile Tupokigwe alimweleza mumewe, Erasto, huku akimenya ndizi za chakula. Erasto alikuwa mtu wa amani, ile amani ya mtu asiyependa kuulizwa.

“Utasema ulimwona nani?” aliuliza.

“Sijui nitakavyosema.”

“Baba atakuwa amekaa mbele na wazee wenzake. Wewe uingie ukumbi mmoja naye, useme mbele za watu kwamba ulimkimbia yeye? Utamvua nguo mjini, Tupokigwe. Atasema nini? Atasema mke wa mwanawe hana haya.”

“Na Hasheem?”

Erasto alichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. “Hasheem ni kijana. Atapata kazi nyingine.”

Waswahili walisema mficha uchi hazai, lakini hawakusema mtu afanye nini uchi wenyewe ukiwa wa mkwewe. Tupokigwe alimenya ndizi nyingi kuliko za chakula cha watu wanne. Akisema, atamwaibisha mtu ambaye maisha yake yote amelinda heshima yake. Asiposema, ataipika heshima hiyo kwa kuni za Bimdogo. Akatamani mtu mwingine amwamulie, na hapakuwa na mtu mwingine.

Wazo lilitoka kwa Prisca. “Kwani lazima uingie?” alisema. “Ukumbi utajaa, sisi wa ndizi tutabaki nje kama kawaida. Simama dirishani. Mpe mgongo. Sauti haina macho.”

Alhamisi mvua ya rasharasha ilinyesha tangu asubuhi. Ukumbi ulijaa mpaka milangoni. Mwenyekiti wa kikao alikuwa ofisa kijana, mtu wa Singida aliyehamishiwa kwetu mwezi wa tano, bado anavaa makoti mawili na kushangaa kwa nini jua halitoki. Alisoma taarifa yake vizuri: magari yameongezeka, barabara haijaongezeka, hivyo stendi ihame.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Husseni wa duka la vifaa vya ujenzi aliunga mkono, akasema mteja wake akitaka misumari ni lazima apite ubavu ubavu kama kaa. Prisca akapiga kelele kutoka dirishani kwamba wakihamisha stendi wawahamishe na watoto wao shule, kwa sababu hakuna atakayenunua ndizi mahali ambapo hapashuki mtu. Mwalimu mstaafu Andongwisye akasimama na fimbo yake, akasema ugonjwa si mahali, ugonjwa ni magari kukaa yakisubiri kujaa. Yaondoke kwa saa, kama ilivyo kwa watu wastaarabu. Madereva wakacheka. “Mwalimu, saa hainunui mafuta,” mmoja akamjibu. Mwingine akasema matenki ndiyo yazuiwe mchana. Mwingine akauliza tenki la kwenda Malawi utalizuia na nini, na mgambo? Ikawa vurugu, kila mtu ana haki na hakuna anayemsikia mwenzake.

Tupokigwe alikuwa nje, chini ya upenu, mgongo wake umegusa fremu ya dirisha, khanga ameivuta mpaka kwenye nyusi. Aliyaona majani ya mgomba yakidondosha maji. Alijua baba mkwe yuko benchi la mbele, kwa kuwa Prisca alimwambia. Kila mzee aliyeguna mle ndani, Tupokigwe alidhani ni yeye.

“Sasa hili la dereva,” alisema mwenyekiti. “Ajali ile ndiyo iliyotuamsha. Mtu anaendesha ovyo katikati ya akina mama. Napendekeza gari lile lisiruhusiwe stendi, hapa wala tutakakohamia. Kuna mwenye neno?”

Hasheem alikuwa amesimama karibu na ukuta. Hakunyanyua mkono. Mama yake alikaa sakafuni karibu na mlango, akitazama viganja vyake.

Prisca alimfinya Tupokigwe kiunoni.

“Dereva hana kosa,” Tupokigwe alisema.

Alisema kwa sauti ndogo, ikabidi arudie, na mara ya pili ilitoka kubwa kupita alivyotaka. Watu wakatafuta sauti imetoka wapi, wakaona kisogo cha mwanamke dirishani.

“Nani huyo?” aliuliza mwenyekiti.

“Ni mimi niliyetaka kugongwa. Alikuwa anakuja polepole. Mimi ndiye niliyerudi nyuma, nikaingia barabarani bila kutazama.”

“Mama, ingia ndani useme vizuri.”

“Siwezi.”

“Basi geuka.”

“Siwezi, mwenyekiti.”

Vijana wakacheka. Wanawake wazee hawakucheka; wao walikwisha kuanza kutazama benchi la mbele, kisha wakatazama chini. Lakini yule ofisa alikuwa mtu wa Singida, na hakuna aliyemwambia kitu.

“Kwa nini ulirudi nyuma? Kulikuwa na gari jingine mbele?”

“Hapana.”

“Mwizi?”

“Hapana.”

“Mtu mzima hawezi kuruka barabarani bila sababu.” Sauti ya mwenyekiti ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu anayejiona amekamata jambo. “Siku ya tukio ulisema hujui. Leo unajua. Niambie ukweli, mama, watu wa dereva walikuja kukuona?”

Ndani, Bimdogo alifunika uso wake. Tupokigwe alifungua mdomo. Sababu ilikuwa hapo kwenye ulimi, neno moja, na halikutoka. Alijaribu tena. Maji yalimtoka machoni kwa hasira na aibu, na akaona wazi kwamba amekuja kumwokoa kijana wa watu na sasa anamzamisha zaidi.

Ndipo aliposikia kikohozi. Kikavu, mara mbili.

Miguu yake ilitaka kukimbia, kama ilivyofunzwa. Prisca alimshika mkono wa kulia, mama mwingine wa kushoto.

“Mwenyekiti,” alisema mzee Ambilikile, na benchi likalia alipoinuka. “Usimwulize tena huyo. Hawezi kukujibu, na ninyi mnaocheka mnajua kwa nini hawezi, ila mmejisahau. Huyo ni mke wa mwanangu. Aliniona mimi.”

Bimdogo akaondoa mikono usoni.

“Mila yetu, mkamwana akiniona ananipisha. Na mimi nikimwona, nakohoa, au nasimama, apate njia. Hiyo ni kazi yangu. Siku ile nilimwona yeye kabla hajaniona. Nilimwona vizuri. Sikukohoa.” Hapo lafudhi ya Kinyakyusa ikamshinda, kila r ikawa l. “Nilikuwa naenda Kyela kumzika lafiki yangu. Nikaona gali linanguluma. Mimi nimeachwa na mabasi miaka ishilini, mwenyekiti, nikisikia gali linanguluma moyo unakimbia wenyewe. Nikasema nikisimama kumpisha mtoto huyu, nitaachwa. Nikampitia mbele kama mbuzi. Yeye angekwenda wapi? Balabala yenu haina kando. Akaona bola gali limkanyage kuliko anitazame usoni.”

Akaishika fimbo kwa mikono miwili. Alipoendelea aliongea polepole.

“Na gali lenyewe nililoliwahi, nilipofika lilikuwa na watu watatu. Siku hizi yanangojea kujaa. Nilikuwa nimesahau. Kwa hiyo kama mnaandika kosa, andikeni langu. Kijana huyu alimwokoa mkamwana wangu, nami nikakaa kimya siku kumi na mbili kwa sababu niliona aibu. Ndaga, Hasheem, asante.”

Akakaa. Nje, Tupokigwe alilia wazi wazi, mgongo bado kwa dirisha. Alikuwa hajawahi kusikia maneno mengi namna ile kutoka kwake, na yote yalikuwa yakimtetea.

Leseni ilirudishwa wiki iliyofuata. Stendi, kama mnavyojua, iliundiwa kamati, na kamati ikaundiwa kamati ndogo, na mjadala ule sidhani kama umekwisha mpaka leo. Ila siku ile ile, kabla watu hawajatawanyika, yule ofisa wa Singida alitoka mvuani na makoti yake mawili, akaomba wauza mitumba na akina mama wa ndizi warudi nyuma hatua mbili, ili pabaki kipande cha kupita watu kati ya bidhaa na lami. Wote walianza kununa. Tupokigwe alibeba beseni lake akawa wa kwanza kusogea, mpaka akagusa ukuta wa duka la Husseni.

Kuanzia hapo mzee Ambilikile akawa anakohoa tangu kituo cha mafuta. Alikohoa mbele ya mitumba, alikohoa penye vipanya, alikohoa kwa nguvu mpaka wapiga debe wakawa wanamwigiza na wageni wakimshauri akapime kifua. Tupokigwe alikuwa akisikia, anageukia ukuta, anajifunika, anasubiri fimbo ipite nyuma yake: ko, ko, ko. Prisca alimcheka, akasema wakwe wengine wananunua baiskeli yenye kengele.

Mwaka uliofuata baridi ilikuwa kali, na kile kikohozi kikaanza kubadilika. Hakikuwa tena cha mara mbili. Kilikuwa kinaanza chenyewe na kukataa kukoma. Tupokigwe hakuweza kumuuliza anaumwa nini, wala kuingia nyumbani kwake kumpelekea uji; uji aliupika, Erasto akaupeleka. Yeye alisikiliza tu. Woga wake wa zamani ulikuwa wa kukisikia kikohozi kile, na sasa alikuwa na mpya, wa kutokukisikia.

Jumamosi moja saa tatu, saa ambayo mzee alizoea kupita, ilikwisha, na saa nne. Vipanya vilijaa vikaondoka. Mara mbili mteja alimuuliza bei ya maparachichi na mara mbili Prisca ndiye aliyejibu. Kila tenki lililonguruma alilichukia, kwa kuwa lilimziba masikio. Alitazama barabara iliyokuwa ikishuka kwenye ukungu, jambo ambalo mkamwana hapaswi kufanya, na hakuona kofia wala fimbo.

Karibu saa tano, kutoka chini kabisa kule kituo cha mafuta, kikaja. Chembamba, cha mara mbili, kikavu kama zamani, cha mtu aliyekihifadhi njia nzima kwa kazi hiyo. Hasheem, aliyekuwa kwenye usukani akisubiri abiria, alizima injini ili mzee apite bila kelele.

Tupokigwe aligeukia ukuta, akajifunika khanga, na fimbo ilipokwisha kupita aliendelea kusimama vile vile, paji la uso kwenye ukuta wa Husseni, mpaka Prisca alipomwita akamwambia kuna mteja.